Vibarua Wanne wa Kitufe cha Inua

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kwa mjukuu wangu Bi Mdogo, mke niliyeozwa bila kuulizwa,

Salamu hizi zikukute mzima, na zikikukuta na njaa basi kula kwanza ndipo usome. Mimi sijambo kuanzia kichwani hadi mabegani. Kuanzia mabegani kwenda chini, tuzungumze mengine.

Usinilaumu kwa kuandika. Simu naisikia kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Majuzi ulipopiga niliitikia "ndiyo" mara kumi na moja bila kujua nimekubali nini. Kumbe nilikubali mashine.

Imefika. Fundi wa kampuni yenu alikuja Jumamosi, akaukaza mkono wa chuma kwa bolti kwenye meza ya jikoni, akaniachia na kile kioo cha kugusa chenye vitufe vitano: Shika, Inua, Shusha, Achia, Simama. Mkono wenyewe mwembamba, kiwiko kimoja, vidole viwili, hauongei. Nimeshawahi kuishi na mashemeji wabaya kuliko huu.

Jambo lenyewe unalijua, ila nalirudia ili liwe kwa maandishi. Tangu nijimwagie chai ya moto mapajani, mama yako ameamua kunihamishia kwake, kwenye kile chumba cha uani chenye dirisha la kutazama ukuta. Nimemwambia viganja vimepungua nguvu tu, mwenyewe niko imara. Hakusikia. Tumepatana hivi: Jumamosi ya tarehe 22 atakuja, atakaa kitini, nami nitakunywa kikombe kizima cha chai ya moto mbele yake, bila kumwaga na bila mtu kunishikia. Nikiweza, nabaki kwangu. Nikishindwa, nahama.

Sasa sikiliza. Chai naimimina mwenyewe, chupa yetu ni ya kubonyeza, kiwiko kinatosha. Nikigusa Shika, vidole vinafumba kikombe. Nikigusa Inua, mkono unapanda hatua moja, kama shibiri hivi. Hatua nne kinafika kinywani, nami navuta kwa mrija. Jumamosi nilibonyeza Inua mara moja, ukapanda hatua moja. Nikakusifu. Jumapili asubuhi nikabonyeza mara moja, ukapanda mbili. Jioni tatu. Leo nimebonyeza mara moja, kwa kidole kimoja, umeruka hatua nne na kunigonga kidevu. Nilikuwa sijafungua kinywa.

Mashine gani hii inayopandishwa cheo kila siku? Niambie kitufe kimeunganishwa na nini, maana nimechungulia nyuma ya kioo na hakuna hata waya.

Babu yako, mwenye kidevu chenye nundu

Nyongeza: mwandiko ukiuona unayumba, ni meza. Mguu mmoja mfupi.


Alhamisi, tarehe 6 Juni

Babu yangu mpendwa, shikamoo.

Pole kwa kidevu. Nilicheka kwanza nikajuta baadaye, kwa mpangilio huo.

Ni kweli hakuna waya. Kitufe ni picha tu iliyochorwa kwenye kioo, hakijui kuinua wala kushusha. Ninachofanya mimi ni kuandika agizo ndani ya programu. Namweka msikilizaji, namwambia: kaa hapa, kitufe cha Inua kikibonyezwa, nenda kauambie mkono upande hatua moja. Anakaa kimya akingoja. Akisikia mbonyezo mmoja anapeleka agizo moja, akisikia minne anapeleka manne. Hana ubunifu, hana kiburi, wala hapandi cheo.

Ndiyo maana nakuuliza, na tafadhali usinune: hivi kidole chako hakitetemeki? Mtu anaweza kudhani amebonyeza mara moja kumbe kioo kimehesabu tatu. Hapa karakana nimebonyeza Inua kwenye mkono kama huo wako tangu asubuhi mpaka jioni, mara mia mbili na kitu, na kila mara umepanda hatua moja.

Jaribu kubonyeza taratibu, kisha uinue kidole juu kabisa. Na kama fundi alivyokuambia, kioo usikizime, betri yake bado tunaichunguza.

Mama ananiuliza kila siku. Namwambia mambo yanakwenda vizuri. Usiniumbue.

Mjukuu wako, Bi Mdogo


Jumapili, tarehe 9 Juni

Bi Mdogo,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilielewa. Mara ya pili nikaelewa kitu kingine. Mara ya tatu nikagundua kwamba umenitukana kwa adabu.

Kidole hiki kimekereza vyuma kiwandani miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa napunguza chuma kwa unene wa unywele, wakati nyinyi wahandisi wa vioo unywele mnaujua kwa kuusuka. Hakitetemeki. Liandike hilo mahali.

Na ili usiseme ni maneno ya mshtakiwa, shahidi nilimpata hata kabla barua yako haijafika. Jirani yangu fundi cherehani, yule anayetunga uzi kwenye sindano huku akigombana na mteja, alikuja Jumanne. Nikampa kiti, nikamfungulia kioo. Alibonyeza Inua mara moja, taratibu, kama mtu anayepima moto wa pasi. Mkono ulipanda hatua saba, ukagonga rafu, ukateremsha sufuria mbili. Hajarudi tangu siku hiyo. Salamu tunapeana dirishani.

Halafu ajabu nyingine. Jumatano umeme ulikatika siku nzima, kioo kikafa chenyewe. Kilipofufuka Alhamisi asubuhi, mbonyezo mmoja, hatua moja. Nikadhani kimetubu. Jioni hatua mbili. Ijumaa tatu. Leo sita.

Nikuambie ukweli, mchumba, nimeanza kujichunguza mwenyewe. Juzi nilijikuta mlangoni nimeshika kijiko, sikumbuki nilikuwa nakipeleka wapi. Kusahau vijiko nilianza nikiwa na miaka ishirini na mbili, lakini wakati ule hakuna aliyetaka kunihamisha. Sasa nikibonyeza nikaona kioja, sijui kama ni mashine inayodanganya au ni mimi niliyebonyeza mara sita nikakumbuka moja. Shahidi ninaye, lakini hata yeye naanza kujiuliza kama alikuja kweli. Sufuria zimebonyea, kwa hiyo alikuja.

Mama yako usimwambie hili la kijiko.

Babu yako, mshtakiwa


Jumatano, tarehe 12 Juni

Babu, shikamoo.

Kama fundi cherehani kabonyeza mara moja akapata saba, basi si kidole chako. Naomba radhi. Sasa aliyechanganyikiwa ni mimi.

Nimesoma upya mistari yote niliyoandika. Kila kitufe kina msikilizaji wake mmoja, kila msikilizaji ana kazi yake moja. Nimemwita mkuu wa karakana, naye kasoma, kakuna kichwa, akasema labda wazee wana umeme mwilini. Nimebonyeza tena siku mbili nzima. Hatua moja, hatua moja, hatua moja. Ningefurahi kama mkono ungenigonga hata mimi kidevu.

Nisaidie kitu kimoja. Niandikie kila unachofanya tangu unapokikaribia kioo mpaka unapokiacha, hata lile unaloona halina maana. Usiruke kitu na usitie chumvi. Hasa usitie chumvi. Zimebaki siku kumi.

Mjukuu wako


Jumamosi, tarehe 15 Juni

Bi Mdogo,

Umeomba bila chumvi. Haya, pokea chakula cha mgonjwa.

Asubuhi naamka, naoga, nafuta meza. Nafunua kioo. Mbele kuna ukurasa wa mwanzo wenye picha ya mkono. Nagusa picha, ukurasa wa vitufe unakuja. Nafanya kazi yangu. Nikimaliza narudi ukurasa wa mwanzo, nafunika kioo kwa kitambaa. Mchana nikitaka maji, nafunua, naingia tena, nikimaliza natoka. Jioni vilevile. Umenikataza kuzima, sizimi. Lakini mtu aliyefundishwa kazi haachi mashine wazi ikimkodolea macho. Kiwandani ukiiacha mashine yako ya kukereza wazi ukaenda kula, msimamizi alikusubiri na maneno ambayo siwezi kumwandikia mke wangu. Kila kazi na kufungua kwake, kila kazi na kufunga kwake. Wewe nakujua, tangu utoto hufungi mlango. Naapa ukurasa wako unaufungua asubuhi na kuuacha hivyo mpaka unarudi nyumbani.

Nilipofika hapo kuandika, kalamu ikasimama yenyewe.

Nimekiacha kioo kikafa betri, unisamehe, ili tuanze sawa. Nikachukua chaki. Nikaingia mara moja, nikabonyeza: hatua moja. Nikachora mstari ukutani. Nikatoka, nikaingia, nikabonyeza: hatua mbili. Nikatoka, nikaingia: tatu. Nilifika saba nikahurumia rafu.

Imenikumbusha meneja wetu mmoja. Alikuwa na kengele mezani, akaajiri kibarua na kumwambia: ukisikia kengele, leta chai. Kesho yake akasahau kwamba ameshaajiri, akaajiri mwingine. Ikawa kila akiingia ofisini anaajiri mpya, na wa jana hajamwachisha. Mwisho wa wiki akagonga kengele mara moja, wakaja vibarua sita na vikombe sita, wakakwama mlangoni. Meneja akasema kengele mbovu. Tuliambiwa tuifungue, tukaifungua, tukaisafisha, tukairudisha. Nzima kabisa.

Wewe ulisema kuna msikilizaji anayekaa akingoja. Je, kila nikiingia ukurasa ule, humweki mpya? Na wa zamani anaachishwa na nani? Mimi sijui. Nauliza kijinga tu.

Babu yako, wa darasa la sita


Jumanne, tarehe 18 Juni

Babu,

Barua yako nimeianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Ndivyo ilivyo. Agizo la kumweka msikilizaji nililiandika mahali pale ukurasa unapofunguka. Kila ukiingia anawekwa mpya, na ukitoka wa zamani habanduki. Wakiwa wanne, mbonyezo mmoja wanausikia wote wanne, kila mmoja anaupeleka mkono hatua yake. Mimi huingia asubuhi mara moja tu, kama ulivyosema, na nikibadilisha kitu naiwasha programu nzima upya, wote wanafutika. Ndiyo maana sikuwahi kuwaona. Mkuu wa karakana ameuliza ulisomea wapi. Nimemwambia darasa la sita, na hukulimaliza.

Nimesahihisha. Ndani ya bahasha hii kuna flashi. Ichomeke kwenye tundu la pembeni ya kioo, usubiri taa ya kijani. Dereva wa vifurushi ameniahidi itafika Ijumaa. Kuanzia hapo mbonyezo mmoja ni hatua moja, uingie utoke utakavyo. Jumamosi mbonyezee mama Inua mara nne, taratibu, na chumba cha uani akitafutie mtu mwingine.

Sasa nitalala.

Mjukuu wako, aliyefundishwa


Jumapili, tarehe 23 Juni

Mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Jana nilikwenda kwa babu yako kama tulivyopatana. Nilimkuta kavaa shati lake jeupe, kanyoa, nyumba imefagiliwa. Akanitania kuhusu viatu vyangu, akauliza kama ninalima navyo. Nikasema moyoni, huyu mzima. Halafu akakaa mbele ya kioo chenu. Akaingia kwenye ukurasa wa vitufe, akatoka bila kubonyeza kitu. Akaingia, akatoka. Akaingia, akatoka tena, midomo inamcheza. Mara ya nne akaingia akabaki. Nikamuuliza, Baba, unatafuta nini? Akanijibu bila kugeuka:

"Naajiri vibarua."

Nikauliza vibarua gani. Akaniambia wa kubeba kikombe, wako wanne, kwamba watatu hawafiki na watano watamvunja meno.

Chai aliinywa yote, sikatai. Alibonyeza Inua mara moja tu, mkono ukapanda moja kwa moja mpaka kinywani, hakumwaga hata tone. Akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nilimpigia makofi, nikatoka nje kama nakwenda kuangalia nguo kambani, nikalia.

Mwanangu, mikono ni jambo dogo, hiyo ningeivumilia. Lakini mzee anayeingia mahali mara nne kutafuta vibarua ambao hawapo, siwezi kumwacha peke yake na jiko. Fundi cherehani naye ameniambia amemwona akichora mistari ya chaki ukutani na kuhesabu. Tulipatana chai, najua, na chai kainywa. Sijui nimwambieje. Jumamosi hii nakwenda kumchukua. Usimtangulizie habari, atajifungia ndani.

Mama yako


Jumatano, tarehe 26 Juni

Mama, shikamoo.

Nimekusikia mpaka mwisho. Sasa na mimi usinikatize.

Vibarua wapo. Niliwaweka mimi, bila kujua. Nilikosea kuiandika programu, na kosa lenyewe ni hili: kila mtu akiufungua ukurasa wa vitufe, anaongezeka mtumishi mmoja wa kukisikiliza kitufe, na akitoka yule mtumishi habanduki. Ukifungua mara nne, wapo wanne. Ukibonyeza mara moja, wote wanne wanakwenda, na mkono unapanda hatua nne, ambazo ndizo hasa kutoka mezani hadi kinywani mwa babu. Nilikaa na kosa hilo siku kumi na tano nikimuuliza yeye kama anatetemeka. Karakana nzima ilishindwa kuliona. Aliyeliona ni yeye, kwa chaki, na hiyo ndiyo mistari ya ukutani. Wakati huo wote wewe nilikuwa nakuambia mambo yanakwenda vizuri, kwa sababu niliona aibu.

Wewe uliona mzee aliyesahau alichofuata. Alikuwa anahesabu, Mama.

Kitu kimoja hata mimi sikielewi. Nilimtumia flashi ya kusahihisha, na dereva wa vifurushi amethibitisha kwamba aliipokea Ijumaa mkononi. Angeichomeka, angebonyeza mara nne mbele yako na kumaliza bila vituko. Kwa nini hakuichomeka, muulize yeye. Ila muulize kabla hujagusa nguo zake.

Mwanao


Jumapili, tarehe 30 Juni

Bi Mdogo,

Mama yako alikuja jana na barua yako mkononi, gari kaliacha linanguruma nje. Hakuketi. Aliisoma yote kwa sauti, jikoni, amesimama, na pale ulipoandika habari ya chaki aliugeukia ukuta wenye mistari, kisha akaendelea. Alipomaliza akasema nichomeke flashi.

Nilijaribu kumtania, nikamwambia vibarua wana watoto, tusiwaachishe Jumamosi. Hakucheka. Nikaitoa kabatini, nikaichomeka, taa ikawa kijani. Nikamimina chai kwa kiwiko. Nikagusa Shika, kikombe kikashikwa. Inua, hatua moja. Inua, mbili. Mara ya tatu kidole kiliteleza, kikaangukia Achia. Kikombe kilidondoka kutoka juu huko, chai ikafika mpaka kwenye viatu vyake.

Basi hapo ndipo nilipokuwa nimejificha, na wewe sasa ujue. Kidole kinatetemeka. Kinatetemeka tangu mwaka jana. Mbonyezo mmoja naupata, nikijikusanya na kushika pumzi kama mtu anayepiga shabaha. Minne siipati, mmoja wapo lazima ukosee njia. Yale masaibu ya hatua saba yalikuwa ya mashine, nilikuambia kweli; lakini ulipouliza kama natetemeka, nilikudanganya. Kosa lako ndilo lililokuwa linaninywesha chai. Uliposahihisha, ulinirudishia udhaifu wangu ndani ya bahasha. Ndiyo maana flashi niliilaza kabatini, na Ijumaa ile nikakiacha kioo kife betri ili asubuhi nianze kuajiri upya. Karibu nihamishwe kwa ugonjwa nisio nao, kwa sababu nilikuwa naficha ule nilio nao. Umri huu wote, na bado mjinga.

Nilimwambia yote hayo huku anafuta sakafu. Alipomaliza hakuinuka, alikaa palepale chini na tambara mkononi. Nikamwambia sasa nichukue, umeshaona kwa macho yako. Akalikamua tambara, kisha akasema:

"Baba, kidole nitakizoea. Mimi nilidhani wewe mwenyewe umeshaondoka."

Akatoka, akaenda kuzima gari.

Kwa hiyo nabaki kwangu, na wewe una kazi. Nitengenezee kitufe kimoja kikubwa kama kiganja, mtu akikipiga hata kwa ngumi kielewe, na nyuma yake weka msikilizaji mmoja tu mwenye kifua cha watu wanne. Kitufe cha Achia kihamishie ukurasa mwingine, ikiwezekana mtaa mwingine. Na mkuu wako wa karakana mwambie wazee hawana umeme mwilini, wana mitetemo, awaulize kabla ya kuchora vitufe vidogo kama punje za mtama. Mimi hakuniuliza, na angeniuliza ningemdanganya, lakini angalau angekuwa ameuliza.

Mpaka kitufe kifike, mama yako atakuwa anakuja kunishikia kikombe. Nilikataa kwanza, kisha nikakubali kabla hajabadili mawazo. Jana alinishikia cha kwanza. Mkono wake ulitetemeka kuliko wangu, akanimwagia shati lote. Nikaomba cha pili.

Babu yako